Mtu Mmoja, Meza, na Injili ya Marko

Mwezi Januari 1978, mwigizaji wa Kiingereza aitwaye Alec McCowen alipanda jukwaani peke yake katika ukumbi wa Riverside Studios, mjini London. Hakuvaa kanzu wala kilemba, hakubandika ndevu, hakushika msalaba. Nguo zake zilikuwa zile ambazo mtu yeyote wa mjini angevaa. Jukwaani palikuwa na meza na viti vitatu, na kitabu kidogo kimelala mezani. Kisha akaanza kuisema Injili ya Marko kwa ghibu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Kuikariri kulikuwa kumemchukua miezi 16. Watu waliozoea kumwona katika tamthilia za Shakespeare walikaa wakamsikiliza kwa muda wa saa mbili hivi, wakacheka palipochekesha, wakanyamaza palipotaka kimya. Kabla ya mwaka kwisha, mchezo huo ulikuwa umekwisha kuvuka bahari hadi New York.

McCowen alifariki mwaka 2017, na sifa zake amekwisha kupewa na watu wa kwao. Linalotugusa sisi wa kandokando ya ziwa hili ni jingine. Tumezoea kudhani kwamba Maandiko yakitolewa kanisani na kupelekwa jukwaani hayana budi kufuatana na umati: kwaya ya watu thelathini waliovaa sare, malaika wenye mabawa ya karatasi, askari wa Kirumi wenye mikuki ya mbao, na Herode aliyeazima kofia ya baba mkwe wake. Michezo ya namna hiyo ina raha yake, nasi hatuidharau. Lakini ipo sanaa nyingine, kongwe zaidi na ya gharama ndogo, ambamo mtu mmoja husimama mbele ya wenzake akawasimulia habari nzima kwa kinywa chake. Sanaa hiyo ina mizizi katika nchi yetu, pengine mirefu kuliko ile ya London. Tunaandika leo kuwaomba maofisa wa utamaduni wa Mkoa wa Kagera, na hasa wale wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, waitafutie nafasi. Na pa kuanzia, kwa maoni yetu, ni Kabanga.

Kwanza tuitazame Injili yenyewe, maana si kila kitabu kinachoweza kusemwa kwa pumzi moja. Ya Marko ndiyo fupi kuliko zote nne: sura 16, aya 678. Mapokeo ya kale sana, yanayotokana na Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya pili, yanasema kwamba Marko aliyaandika yale aliyomsikia Petro akiyahubiri. Wataalamu wamebishana juu ya mapokeo hayo na bado wanabishana. Hata hivyo, mtu akiisoma Injili hii kwa sauti anatambua mara moja kwamba ina mwendo wa mtu anayesema, wala si wa mtu anayeandika. Isitoshe, zama zile vitabu vilikuwa haba na wajuao kusoma walikuwa wachache. Mmoja alisoma, wengine wote wakasikia. Katikati ya sura ya 13 kuna maneno machache yanayomwelekea msomaji na kumtaka afahamu, na wapo wafafanuzi wanaoamini kuwa msomaji huyo ni yule aliyesimama mbele ya mkutano na kuusomea. Kwa hiyo McCowen hakukigeuza kitabu kuwa mchezo. Alikirudisha kilikotoka.

Tena Marko ana haraka. Neno moja dogo la Kiyunani analitumia mara arobaini hivi, nalo katika tafsiri yetu ya Union Version, ambayo Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1952, limetiwa kwa neno "mara". Mara akafanya hili, mara wakaenda kule. Msomaji wa kimya hulichoka upesi na kuliona kasoro ya uandishi. Msikilizaji halichoki, kwa kuwa kwake ni kama mapigo ya ngoma yanayomwambia kwamba habari inasogea. Na hapa Kiswahili kina mali ambayo Kiingereza cha McCowen hakikuwa nayo. Mwingereza hana budi kurudia neno lake la "na" kila anapounganisha tendo na tendo. Sisi tuna silabi moja tu, ile ya -ka-, na bibi yeyote anayewasimulia wajukuu hadithi jioni anajua namna inavyoweza kumvuta msikilizaji kwa mkono: akaondoka, akafika, akamwona, akamshika. Mwigizaji wa Kiswahili anayeichukua Injili ya Marko anapewa bure jambo ambalo wenzake wa Ulaya wamelitafuta kwa jasho.

Liko na jambo la pili, nalo linawahusu hasa wasomaji wetu wa visiwani, wa Bumbire na Goziba, wa Ukerewe na Ukara. Nusu ya kwanza ya Injili hii ni habari ya watu wa ziwani. Inaanza na wavuvi wakitupa nyavu, wengine wamo chomboni wakizitengeneza. Inaendelea na kuvuka ng'ambo, kurudi, kufika pwani na kukuta watu wamekwisha kukusanyika, kufundisha kutoka ndani ya chombo kwa sababu ya msongamano wa watu nchi kavu. Ziwa la Galilaya ni dogo. Urefu wake haufiki kilomita 22 na upana wake ni kilomita 13 hivi, kiasi ambacho mvuvi wa Goziba angekiona kama hori la Ziwa Viktoria. Luka, mtu aliyeyaandika mambo kwa mizani, analiita ziwa. Marko analiita bahari, kama mtu aliyezaliwa kando yake na ambaye hajapata kuona maji makubwa kuliko hayo. Mtu wa kisiwani hatamcheka kwa hilo.

Katika sura ya nne upepo unachafuka usiku, mawimbi yanaingia chomboni hata chombo kinaanza kujaa. Mwenye kulala amelala katika shetri, juu ya mto. Kati ya waandishi wa Injili ni Marko peke yake aliyeukumbuka mto huo wa kulalia, na habari ndogo ya namna hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji aone kuwa msimulizi anajua anachosema. Mjini London wasikilizaji wa McCowen waliisikia dhoruba hiyo wakiwa vitini, nje kuna lami na taa. Mtu atakayeisimulia pwani ya Ukara atakuwa anawasimulia watu waliowazika jamaa zao baada ya MV Nyerere kupinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati, watu zaidi ya 220 wakafa. Atakayeisimulia Bukoba au Mwanza atakuwa mbele ya watu ambao bado wanaikumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 pamoja na mamia ya abiria. Wale wa chomboni katika Injili waliuliza, kwa uchungu, kama hakuna anayejali kwamba wanaangamia. Swali hilo visiwani halihitaji kuigizwa. Msimulizi mwenye adabu atalisema kwa sauti ya kawaida, kisha anyamaze kidogo. Akianza kupiga kelele, kujitupa sakafuni na kuiga mvumo wa upepo kwa kinywa, atakuwa amewaibia watu msiba wao.

Sasa tuje kwenye mizizi tuliyoitaja. Katika Mkoa wetu wa Kagera, Wahaya wana nanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kutoka katika kipande kimoja cha mti, ambayo mpigaji huiweka mbele yake akaimba tenzi ndefu za mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa mkoa huu, amewachunguza mamanju hao kwa miaka mingi na kuonyesha, dhidi ya wataalamu wa Ulaya waliodai kwamba Mwafrika hana utendi, kwamba kazi yao ni utendi kwa kila kipimo. Manju wa nanga ni mtu mmoja. Yeye ni msimulizi, yeye ni shujaa, yeye ni adui, yeye ni mama anayelia mlangoni. Habari za Kachwenyanja huzisimulia hivyo, na za Mugasha pia, yule mwenye ziwa na dhoruba katika masimulizi ya kale. Havai vazi la mfalme ndipo aseme maneno ya mfalme. Hubadili sauti, hugeuza shingo kidogo, na wasikilizaji wanajua ni nani anayenena. McCowen angelikaa jioni moja miguuni pa mzee wa nanga, asingelifundishwa jambo geni, ila pengine angeliona wivu kwa ajili ya zile nyuzi.

Pwani nako kuna tenzi. Watu wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja walizighani habari za mitume karne nyingi kabla ya shule zetu kuanzishwa. Utenzi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha London katika miaka ya 1920, ni habari ya mtu yule yule ambaye Wakristo wanamsoma katika Agano la Kale na Waislamu wanamtaja kuwa nabii wa subira. Utenzi huo haukutungwa ili usomwe kimya. Ulitungwa ukaghaniwe, na mghani mmoja mbele ya watu. Ubeti wa utenzi una mistari minne ya mizani nane nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho wa kazi yote. Wapo wanaodhani kwamba hilo ni pambo tu. Kumbe ni kamba ya kumfunga mghani asipotee: akisahau mstari, kina cha mwisho kinamngoja mbele kama nguzo ya gati.

Jadi hiyo haikuishia kwa Waislamu wa Pwani. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyekuwa hakimu na mshairi mashuhuri hadi alipofariki mwaka 1969, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963, kisha Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wengi wanamkumbuka kwa kumtafsiri Shakespeare katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alifanya kazi kubwa zaidi ambayo watu wachache wameifungua. Mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake, wachapaji wa Kibenediktini wa Ndanda na Peramiho walitoa tenzi zake za Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume. Moja ni Utenzi wa Enjili kadiri ya utongozi wa Marko. Vijana wengi wakiliona neno hilo la "utongozi" juu ya jalada hutabasamu, kwa maana wao wanalijua kwa shughuli nyingine kabisa. Washairi wa kale walilitumia kwa maana ya kutunga na kunena kwa ufasaha, na Mwalimu, aliyekuwa mkaidi katika mambo ya lugha, hakuona sababu ya kuwaachia vijana wa mitaani neno zuri la wazee.

Basi tunalo andiko lililokwisha kutiwa katika mizani, na Rais wa kwanza wa nchi hii, tayari kwa kinywa cha mtu mmoja. Limekaa katika makabati ya parokia na seminari kama nguo ya sikukuu ambayo mwenyewe anaogopa kuivaa.

Ndugu zetu Wakatoliki wa Jimbo la Rulenge-Ngara wanaweza kuongeza ushahidi mwingine. Kila Ijumaa Kuu husikia Mateso ya Bwana yakisomwa au kuimbwa kwa sauti tatu: msimulizi, Kristo, na wengine wote. Hapo kale haikuwa hivyo. Shemasi mmoja aliyaimba yote. Katika vitabu vya ibada vya karne ya tisa kuna herufi ndogo zilizoandikwa juu ya maneno ili kumwongoza shemasi huyo: herufi ya kwenda mbio penye masimulizi, ya kuvuta taratibu anaponena Kristo, na ya kupandisha sauti wanenapo Wayahudi au Pilato. Kugawanya kazi hiyo kwa watu watatu kulikuja baadaye. Mtu mmoja mwenye sauti tatu ndiye mkubwa kwa umri.

Tumesema pa kuanzia ni Kabanga, na yafaa tueleze. Kabanga ni mji wa mpakani katika Wilaya ya Ngara. Ng'ambo yake ni Kobero, nchini Burundi. Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Bujumbura hupita hapo. Ulimwengu wa biashara unalijua jina la Kabanga kwa ajili ya nikeli iliyomo ardhini, na hatuna neno juu ya hilo, ila tungependa lijulikane kwa jambo jingine pia. Sokoni pake Kihangaza, Kishubi, Kirundi na Kiswahili husikika katika ununuzi wa fungu moja la ndizi. Ni nadra kupata mahali ambapo msimulizi anaweza kupimwa vizuri hivyo: dereva wa masafa aliyechoka, mama mwenye kapu, mwanafunzi wa sekondari, karani wa forodha, mzee ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Kwaya huweza kuwashinda hawa kwa wingi wa sauti. Mtu mmoja hana cha kuwashindia ila uzuri wa habari na usafi wa lugha.

Tena watu wa Ngara wameonja mambo ambayo Injili hii inayataja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni waliivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, palipokuwa mahali pa kupita, pakawa mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Warundi nao walikuja, wakarudi, wakaja tena. Katika sura ya 13 Marko anasimulia habari za siku ambazo aliye juu ya dari hatashuka kuchukua kitu, aliye shambani hatarudi kuchukua vazi lake, na ole wao wenye mimba na wanyonyeshao. Wahubiri wengi huifanya sura hiyo fumbo la mwisho wa dunia, wakapiga hesabu za miaka. Mbele ya mama wa Ngara ambaye mwaka ule alimpa mgeni maji ya kunywa mlangoni pake, ni taarifa ya jambo lililopata kupita barabarani. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1995, Radio Kwizera ilipoanza kutangaza kutoka Ngara kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao, watu wa huko wamejifunza kukaa kimya na kusikiliza sauti moja ikisema mambo mazito. Hadhira imekwisha kuandaliwa; kinachokosekana ni msimulizi na kibali.

Hapa tunawageukia viongozi wa Serikali, nao watuwie radhi kwa kusema wazi. Msanii anayetaka kuisimulia Injili hadharani anaweza kujikuta kati ya milango miwili. Mmoja atamwambia kwamba hayo ni mahubiri, aende akaombe ruhusa ya mkutano wa hadhara. Mwingine atamwambia ni mchezo wa kuigiza, aende kwa ofisa utamaduni. Akifika kwa ofisa utamaduni ataulizwa kikundi chake kina watu wangapi na mwenyekiti wake ni nani, naye yuko peke yake. Nchi yetu ilianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962. Ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, na sheria iliyounda Baraza la Sanaa la Taifa tangu mwaka 1984. Kwa muda wote huo sanaa ya jukwaani tumeielewa kuwa ni jambo la vikundi: kikundi cha ngoma, cha maigizo, cha kwaya, cha sarakasi. Manju wa nanga, ambaye hajapata kuwa kikundi, amebaki mtu wa arusini na vilabuni.

Tofauti ya mahubiri na usimulizi haina ugumu. Mhubiri huchukua aya moja akaifafanua, akawaonya watu, akawaita watubu. Hiyo ni kazi yake na ina heshima yake. Msimulizi haongezi neno lake. Hasemi kwamba maana ya habari hii ni hii, haombi watu wasimame, hakusanyi sadaka. Anapokea kiingilio kama msanii mwingine na kulipa anachopaswa kulipa. Akimaliza anakunja mkono wake na kuondoka. Kipimo hicho ofisa yeyote anaweza kukitumia pasipo kuwa mwanateolojia: je, mtu huyu amesema kile kilichoandikwa, chote, na hicho tu? Kama ndivyo, apewe kibali cha sanaa. Kama katikati ya sura ya tisa ameanza kuwaombea wagonjwa, huyo ametoka katika sanaa na kuingia katika ibada, na ibada ina taratibu zake.

Nao ukumbi usiwe wa upande mmoja. Serikali haina dini. Mlango ukifunguliwa kwa Marko, ufunguliwe siku nyingine kwa mghani wa Utenzi wa Ayubu, na kwa mzee wa nanga na habari zake za Mugasha. Sisi tunaamini kwamba namna hii ya usimulizi itawafaa wasikilizaji wa dini mbalimbali kuliko maigizo ya umati. Waislamu wengi hawapendi kumwona mtu akijivika sura ya nabii, na pamoja nao wapo Wakristo ambao hukereka wakimwona kijana wa jirani, ambaye jana alikuwa akidaiwa dukani, leo ametundikwa msalabani kwa kamba. Msimulizi hajivishi sura ya yeyote. Anasema tu kwamba fulani alinena hivi. Wasomaji wa visiwani na Pwani waliokulia katika hafla za maulidi, ambamo msomaji husoma na wengine wote wakasikiliza na kuitikia, hawatapata taabu kulielewa jambo hilo.

Hatari zipo, nasi hatutazificha. Iliyo kubwa ni majivuno. Mtu aliyesimama peke yake kwa saa mbili anaweza kuanza kujisikiliza mwenyewe. Atalia palipo na machozi na pasipo na machozi. Atamfanya Petro mcheshi wa mji ili watu wacheke. Ataruka aya zinazomchosha na kuzipamba zinazompendeza. Injili ya Marko ina mambo mengine yanayokera, kwa mfano nguruwe wapata elfu mbili walioteremka gengeni wakazama, hasara ambayo mfugaji yeyote ataihesabu kwa fedha. Ina na yule kijana wa bustanini aliyeacha shuka mikononi mwa askari akakimbia uchi, habari ambayo waandishi wengine wa Injili hawaitaji na ambayo hakuna ajuaye imefuata nini pale. Mwoga ataiacha. Msimulizi mwaminifu ataisema kama ilivyo na kuwaachia watu mshangao wao.

Kuhusu tafsiri, tuna maoni yetu. Biblia ya Habari Njema ni nyepesi kueleweka, na mtu wa sokoni itamsaidia. Kwa jukwaa, hata hivyo, tungechagua Union Version kwa ajili ya mwendo wake, au utenzi wa Mwalimu kwa ajili ya vina vyake, kila mmoja kwa siku yake. Kuzichanganya ni kuharibu zote mbili. Na hakuna ulazima wowote wa msimulizi kuwa mwanamume. Tenzi za Pwani hazikuwa za wanaume tu, kwa maana Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858, na baadhi ya wahifadhi wakubwa wa tenzi walikuwa mabibi. Tena katika Injili hii wanaume wote wametoroka kabla ya mwisho. Waliobaki kutazama kwa mbali ni wanawake.

Gharama hazistahili hata kikao. Mtu mmoja, nauli ya basi hadi Kabanga, na akienda Bumbire nauli ya boti. Meza moja ya shule na kiti. Umeme hautakiwi, maana yafaa zaidi kufanya kazi hii alasiri, watu wakitazamana na msimulizi. Kipaza sauti kisitumike ila palipo na lazima, kwa sababu sauti iliyopita katika spika mbovu humfanya kila mtu kuwa mnadi. Mapumziko yawe katika sura ya nane, pale safari ya kwenda Yerusalemu inapoanza kunukia. Halmashauri zitoe ukumbi, shule zilete wanafunzi wa vidato vya juu, na msanii alipwe. Tunalikazia hili la mwisho kwa kuwa kuna desturi mbaya ya kumpa msanii soda na shukrani.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna ofisa anayeweza kumwamulia msimulizi. Hati mbili za Kiyunani zilizo kongwe kuliko zote zenye Injili hii nzima, ile iitwayo ya Sinai na ile ya Vatikano, zote za karne ya nne, zinakoma katika aya ya nane ya sura ya 16. Wanawake wametoka kaburini mbio, wanatetemeka, wala hawamwambii mtu neno kwa kuwa wanaogopa. Basi. Aya kumi na mbili zinazofuata, ambazo zimo katika Biblia zetu, hazimo katika hati hizo. Akizisema hizo kumi na mbili, watu wa Kabanga watarudi nyumbani wameisikia habari ikifungwa vizuri. Akikoma katika aya ya nane, atakuwa amesimama mbele yao kimya, jua linashuka upande wa Kobero, na watu bado wanangoja aseme.